Mali Yenye Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tuliimbishwa shuleni Iganzo, darasa la nne.
Hii yetu ilikuwa na daftari.
Ilikuwa na mhuri, na nakala tatu,
na mahali pa kutia sahihi. Pale palikuwa pangu.

Mablanketi mia mbili na kumi na manne.
Masweta ya watoto, shingo ya duara, katoni tisa.
Soksi za sufu sikuzimaliza kuhesabu.

Ilikuwa Julai. Mgeni wa Mbeya haijui Julai
mpaka aamke akute maji ya ndoo yamevaa ngozi.
Upepo hushuka Loleza bila kubisha hodi,
hupita chini ya mlango, hukaa miguuni pa kitanda
kama mdai.

Meneja alisoma ujumbe kwenye simu mara mbili,
ya pili polepole, kama anayetafuta neno lililorukwa:
mzigo uliokwama uharibiwe,
picha zitumwe kabla ya saa kumi.
Nikauliza, kwa nini tusipunguze bei?
Imeshapunguzwa.
Tusigawe?
Akanitazama kwa huruma, ile ya mzima kwa mgonjwa.
"Tusekile, ukimpa mtu leo bure, kesho atakuja na pesa?"
Sikuwa na jibu. Hata sasa ninalo nusu tu.

Basi tukakata.
Mimi na Lwitiko, na wembe wa kufungulia maboksi,
mlango wa stoo umefungwa, redio ikitaja bei ya mahindi.
Blanketi jipya halikatiki kama kitambaa.
Linakushika mkono. Manyoya yanaingia puani,
unapiga chafya, unakata, unapiga chafya.
Mkato mmoja hautoshi, tuliambiwa, mmoja unashoneka.
Ikawa mitatu, mshazari, pembe hadi pembe.
Masweta tuliyakata mikono.
Lwitiko ana mapacha wa miaka miwili kule Itiji.
Alikuwa akipima kila sweta kwa macho kabla ya kulikata.
Kila sweta.
Nilitamani aache.

Kisha rangi, debe la rangi ya paa lililobaki.
Kisha picha.
"Sogea," meneja akaniambia, "unatia kivuli."

Vyote vikatupwa nyuma, kwenye kontena la taka,
na kwa kuwa watu wana macho
akawekwa mlinzi:
Mzee Gwakisa, rungu, tochi,
koti la mvua lililochanika kwapani.
Kazi yake, kulinda vitu visivyofaa
visije vikamfaa mtu.

Nilimkuta alfajiri juu ya kreti la soda,
magoti yamefika kidevuni,
meno yakigongana kama punje ndani ya debe.
Nyuma yake, mablanketi mia mbili na kumi na manne.
"Halikuibwa hata moja," akaniambia
kwa fahari. Jamani, kwa fahari.
Nikampa chai. Akasema ndaga, mwanangu,
akakishika kikombe kwa mikono miwili
na hakunywa mpaka kilipopoa.

Lori lilikuja saa tatu.
Utingo akavuta kipande, akakigeuza, akakinusa.
"Mbona kipya?"
Lwitiko akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nimeruka jioni ile.
Jioni ile nilirudi nyumbani na manyoya nywelini,
kidole kimefungwa plasta.
Bibi alikuwa tayari kitandani,
na lile blanketi babu alilorudi nalo kutoka migodini Sauzi
kabla mama hajazaliwa.
Lina viraka, na viraka vina viraka,
sijui kama bado kuna uzi mmoja wa lile la kwanza.
Akanitoa unyoya nyuma ya sikio, akauangalia kwenye mwanga.
"Leo mmeuza mablanketi mengi?"
Yamekwisha, bibi.
"Yote?"
Yote.
"Mungu ni mwema," akasema, "watu watalala,"
akavuta lake hadi masikioni.